Gari ya Z chini ya Mlima Kilimanjaro: tulivyovuka Holili

(Hii ni hotuba niliyoitoa Jumamosi kwenye kikao cha vijana wa chama hapa Gombani, Chake Chake. Wengi mmeniomba niiweke humu kwa ajili ya waliokosa kufika. Nimeiacha kama nilivyoisema, nimefuta tu pale nilipojirudia.)



Mwenyekiti, viongozi wangu, kaka zangu na dada zangu, hamjambo? Mbona mnaitikia kama watu wa msibani? Hamjambo? Haya, hapo sawa.

Mwenyekiti alinipa mada inaitwa "Kijana na Sheria". Nikajiuliza, nikianza na vifungu saa hizi, na wali mmeshakula, nani atabaki macho? Basi mimi nitawasimulia safari. Tulichukua gari ya mjomba wangu tukaipandisha melini Mkoani, tukaenda nayo mpaka Kwale, Kenya, kwa kupita chini ya Mlima Kilimanjaro. Vifungu vitakuja vyenyewe njiani.

Najua mnachotaka kuuliza. Mtu wa Pemba aende Kwale kwa kuzunguka Kilimanjaro, kwani Horohoro imehama? Haijahama. Bibi yangu mzaa mama ana tatizo la macho na alikuwa na miadi hospitali Moshi. Na huko Kwale yuko mdogo wake, ambaye walikuwa hawajaonana miaka mingi. Bibi akasema, "Kama mnanifikisha huko kwenye mlima, basi nifikisheni na kwa mdogo wangu. Safari nyengine sijui kama ninayo." Mjomba mbele ya mama yake hana neno. Tukaondoka watatu: bibi, mjomba, na mimi niliyepewa kazi ya kubeba makaratasi kwa sababu "si unasoma sheria wewe?"

Gari yenyewe ni Noah, namba yake inaanza na Z. Kadi ya gari ina jina la mkaza mjomba. Likumbukeni hilo la jina, litarudi.

Sasa, mpaka wa kwanza tuliukuta ndani ya nchi yetu wenyewe.

Tulishuka kwenye bandari moja ya Bara. Sitaitaja, maana sikuja hapa kumshitaki mtu. Sisi watu watatu tulishuka kama abiria wengine. Gari haikushuka. Yaani ilishuka chini, lakini haikuruhusiwa kutoka getini. Tukaambiwa gari ya Zanzibar inahitaji kibali cha muda. Sawa, tupeni kibali. Anayekitoa katoka. Karudi, sasa mtandao hauko. Mtandao umerudi, sasa nendeni mkaonane na wakala. Wakala ana bei yake. Siku ya kwanza ikaisha hivyo, ya pili ikaisha hivyo. Bibi amelala gesti, kitambaa machoni, anauliza kila saa, "Hatujafika bado?" Miadi yake ya Moshi ilikuwa Jumatatu asubuhi. Jumatatu asubuhi sisi tuko getini.

Nikamuuliza afisa mmoja, kwa adabu kabisa, "Samahani kaka, huu utaratibu umeandikwa wapi nikausome?" Akaniangalia, akasema, "Wewe binti, unataka kupita au unataka kusoma?"

Mmecheka. Mimi sikucheka. Mjomba alinifinya mkono nikanyamaza, maana bibi alikuwa anaumwa. Kuna pesa ilitoka mfukoni kwa mjomba, na risiti yake sikuiona. Jioni ile tukapita. Lakini kule kunyamaza kumenikaa rohoni mpaka leo, na ndiyo sababu nimesimama hapa.

Tuendelee. Moshi bibi alipangiwa siku nyengine, akatibiwa, alhamdulillah. Baada ya hapo tukashika barabara ya Himo, na pale Himo unaacha njia ya Dar es Salaam unakata kushoto kwenda Holili. Kama hujawahi kufika, mlima uko kushoto kwako njia nzima. Kibo ina theluji juu, mita 5,895. Pembeni yake Mawenzi, imechongoka kama meno ya msumeno. Bibi, na kitambaa chake, akaniuliza, "Huo mlima ndio mpaka?" Nikamwambia hapana bibi, mlima wote uko kwetu, mpaka umeukwepa.

Chukueni ramani kwenye simu zenu muangalie. Mpaka wa Tanzania na Kenya unatoka baharini karibu na Vanga, unakwenda moja kwa moja kama umepigwa kwa rula, ukifika Kilimanjaro unapinda, unauzunguka mlima, kisha unanyooka tena mpaka Ziwa Victoria. Skuli tuliambiwa kwamba Malkia Victoria alimpa mjukuu wake Kaisari Wilhelm mlima kama zawadi ya siku ya kuzaliwa. Hadithi tamu, lakini ni uongo. Mstari ule ulikubaliwa na Waingereza na Wajerumani mwaka 1886. Huyo mjukuu alikuwa Kaisari mwaka 1888. Zawadi gani inatangulia miaka miwili?

Na kuna jambo ambalo skuli hawakutuambia kabisa. Makubaliano yale yale ya 1886, yaliyosema mstari upite katikati ya Taveta na Uchaga, ndiyo pia yaliyoamua Sultani wa Zanzibar abaki na nini. Alibakishiwa Unguja, Pemba, Mafia, visiwa vya Lamu, na ukanda wa pwani wa maili kumi. Makaratasi yale yale, wino ule ule. Mchaga na Mtaveta walitenganishwa siku moja na siku ambayo Mpemba alipimiwa pwani yake, na hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa mezani. Barghash alipelekewa akubali, akakubali Disemba ya mwaka huo huo, maana hakuwa na namna.

Kwa hiyo ninapowaambia mpaka ni karatasi, sitanii. Mlima ulikuwepo na bahari ilikuwepo, watu wakipita. Waliokuja kuufanya mpaka ni watu wenye kalamu. Na kilichoandikwa kwa kalamu, kinaandikwa upya kwa kalamu.

Tumefika Holili. Mjomba anapunguza mwendo, anatafuta pa kuegesha agongewe muhuri wa kutoka. Akaambiwa endelea mbele mzee, mambo yote yako Taveta. Hiki ndicho kinachoitwa kituo cha pamoja cha mpakani. Ukitoka Tanzania kwenda Kenya, unasimama upande wa Kenya tu. Ndani ya jengo moja, afisa wa uhamiaji wa Tanzania anakugongea kutoka, na wa Kenya anakugongea kuingia. Ukirudi, unasimama Holili tu. Kituo hiki kilizinduliwa mwaka 2016, na Namanga nako kikazinduliwa mwaka 2018.

Mimi nilisimama pale nikashangaa kishamba, nawaambia kweli. Yule afisa wetu amesimama kwenye ardhi ya Kenya, anatumia sheria ya Tanzania, na hakuna aliyekasirika. Hakuna aliyesema mamlaka ya Kenya yamevunjwa. Inawezekana vipi? Kwa sababu imeandikwa. Ipo Sheria ya Vituo vya Pamoja vya Mipakani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016, inayompa afisa wa nchi moja uwezo wa kufanya kazi yake ndani ya eneo maalumu la nchi ya pili.

Haya, makaratasi. Andikeni, siku moja mtayahitaji. Paspoti zenu. Kadi halisi ya gari. Leseni ya dereva. Bima ya kuvukia mpaka, ile ya COMESA ambayo watu wanaiita kadi ya njano, maana bima yako ya nyumbani inaishia mpakani. Kisha forodha wanakuandikia kibali cha gari kuingia kwa muda, na kinakwambia mwisho wa kukaa ni lini. Na kama gari si ya jina lako, barua ya mwenye gari.

Nani anayakumbuka majina? Mkaza mjomba, ahsante. Barua hatukuwa nayo.

Roho ikaniruka. Nikasema tumerudi kule kule, siku mbili nyengine. Afisa, mama mmoja wa makamo, akanionyesha kwenye orodha: hii hapa, barua ya mwenye gari na nakala ya kitambulisho chake. Akasema, "Mpigieni simu." Mkaza mjomba, Mungu ampe umri, aliacha mkate wa kumimina kwenye jiko akaenda kwa wakili hapa Chake Chake, barua ikaandikwa, ikasainiwa, ikapigwa muhuri, ikapigwa picha, ikaingia kwenye simu yangu. Tukaichapisha kwenye kibanda cha nje. Yule mama akaisoma, akampigia mkaza mjomba mwenyewe kuhakikisha, akatuandikia kibali. Tuliyolipa tukapewa risiti zake. Jumla ilituchukua kama saa mbili na nusu, na kosa lilikuwa letu.

Vijana wenzangu, hapo ndipo nilipotaka kuwafikisha. Kuvuka kutoka nchi moja kwenda nchi nyengine, tukiwa na kosa, saa mbili na nusu. Kutoka Pemba kwenda Bara, nchi moja, bendera moja, wimbo mmoja, bila kosa lolote, siku mbili.

(Hapa ukumbi ulipiga makofi na mtu akasema kwa sauti "Muungano huo!")

Subirini. Msipige makofi bado, maana sasa nataka niwaudhi kidogo.

Niliporudi chuoni nilikwenda maktaba. Nilitaka kuthibitisha kwamba yule afisa wa bandarini ni mwizi na kwamba hakuna sheria yoyote. Nikasoma Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya 1977, Ibara ya 17. Inampa kila raia haki ya kwenda kokote ndani ya Jamhuri. Nikafurahi. Kisha nikasoma tena, nikaona inamzungumzia raia. Haizungumzii gari. Nikasoma orodha ya mambo ya Muungano, ile iliyoanza na 11 mwaka 1964 na sasa yako 22. Ushuru wa forodha umo. Usajili wa magari haumo. Ndiyo maana sisi tuna Z na wao wana T. Kodi zinazotozwa huku na kule kwenye gari hazijawa sawa, na kwa miaka mingi gari ikihamia Bara moja kwa moja inatakiwa ilipiwe tofauti. Na kama kusingekuwa na kibali kabisa, kila mfanyabiashara wa Bara angesajili gari yake huku ambako anaona nafuu, akaitumia kule.

Kwa hiyo kibali kina sababu. Wallahi iliniuma kukubali, lakini kina sababu. Na nyinyi mkienda kwenye mjadala na kijana wa chama tawala mkasema "hakuna sheria, ni chuki tu dhidi ya Wapemba", atawatajia hiyo sababu na mtakaa chini. Mimi sitaki mkae chini.

Hoja yetu iwe hii. Kenya na Tanzania zina kodi tofauti pia. Kenya na Tanzania zina usajili tofauti, polisi tofauti, marais tofauti. Tena mwaka 1977, Jumuiya ya kwanza ilipovunjika, Tanzania iliufunga mpaka huu, na haukufunguliwa mpaka 1983. Waulizeni wazee wa Taveta na Holili. Nchi zilizofungiana mlango miaka sita zimekaa mezani, zikaandika Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya mwaka 2004, zikaandika Itifaki ya Soko la Pamoja iliyoanza kutumika Julai 2010, zikajenga jengo moja chini ya mlima, na mzee mwenye Noah anajua anatakiwa awe na nini mkononi. Kama hilo limewezekana baina ya nchi mbili, linashindikana vipi baina ya serikali mbili za nchi moja? Usajili wa vyombo vya moto umekuwa kwenye orodha ya hoja za Muungano mwaka nenda mwaka rudi. Vikao vimekaliwa, chai imenywewa. Swali letu ni moja: mtu wa Chake Chake akishuka Bara na gari yake leo, ni karatasi gani anayoweza kuishika mkononi, inayosema atalipa nini, atasubiri muda gani, na akinyimwa atakwenda kwa nani?

Mkiuliza hivyo, hakuna atakayewajibu kwamba mna chuki na Muungano. Mnauliza utaratibu. Na mtu asiyeweza kukuonyesha utaratibu ulioandikwa, huyo ndiye mwenye tatizo.

Nimalizie safari, maana namuona mwenyekiti anaangalia saa.

Kutoka Taveta barabara inakatiza Tsavo, unatokea Mwatate, kisha Voi, unaingia njia kuu ya Mombasa. Usiku tulikuwa Likoni tunasubiri feri. Pale akatupokea mjukuu wa yule mdogo wake bibi, kijana wa miaka thelathini na kitu, fundi magari. Akasema, "Mjomba umechoka, nipe funguo niendeshe." Mjomba akataka kumpa. Mimi nikakataa. Kibali cha gari kimeandikwa jina la mjomba, nikasema, na sisi tumeshaumia na majina. Yule kijana akacheka, akaingia mkono mfukoni, akanionyesha leseni yake. "Usidhani sina," akasema. "Ninayo. Itazame."

Nikaitazama kwa taa ya simu. Leseni mpya. Nikamuuliza, fundi mzima, umeanza kuendesha juzi? Akasema ameendesha tangu ana miaka kumi na sita, kwa kujificha.

Mnajua kwa nini. Bibi yake alikwenda Kenya kwa ngarawa, ameolewa na mvuvi, miaka ya sabini. Hakuna aliyemuuliza paspoti. Akazaa kule, wanawe wakazaa kule, na wote wakawa Wapemba wa Kenya, watu wasiokuwa raia wa popote. Bila kitambulisho huwezi kupata leseni, huwezi kusajili laini ya simu kwa jina lako, huwezi kufungua akaunti benki, shamba unalolima si lako. Ukikutana na askari barabarani unarudi kinyumenyume. Hao hao ndio waliowapokea watu wetu baada ya Januari 2001, pale risasi zilipolia hapa kisiwani na zaidi ya watu 2,000 wakakimbilia Shimoni kwa vyombo vya baharini. Waliwapa chakula chao watu waliokimbia, na wenyewe hawana hata karatasi ya kuonyesha wao ni nani.

Januari 2023 serikali ya Kenya iliwatambua Wapemba kuwa jamii ya Kenya, na Julai mwaka huo vitambulisho vikaanza kutolewa. Yule kijana ana kitambulisho, na kwa kitambulisho akapata leseni. Watu wale walidai kwa miaka, wakaenda ofisi baada ya ofisi, wakaandika, wakahesabiwa, wakarudishwa, wakarudi tena. Walikwenda na daftari la majina, nyumba kwa nyumba.

Bibi na mdogo wake walipokutana sitawasimulia. Ni la kwao. Nitasema tu kwamba bibi aliuondoa mwenyewe ule mkono wa kitambaa machoni, na daktari alikuwa amemkataza.

Sasa kazi. Sitaki tuondoke hapa na hasira tu, hasira tunayo tangu tumezaliwa. Nina mambo matatu.

La kwanza, kila mwenye gari, pikipiki au mzigo aliyewahi kuvuka kwenda Bara, aandike: tarehe, bandari, muda aliosubiri, alicholipa, na kama alipewa risiti. Ukweli mtupu. Usiongeze hata saa moja, maana uongo mmoja utaua kumi za kweli.

La pili, risiti zenu msizitupe. Zipigeni picha. Mimi na wenzangu wawili tunaosoma sheria tutakuwa hapa kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, baada ya alasiri, tunazikusanya na kuzipanga. Wawakilishi wetu wakisimama Barazani, na wabunge wetu Dodoma, wasimame na rundo la karatasi mkononi.

La tatu ni lenu nyinyi wenyewe, na hasa dada zangu. Siku utakaposimama mbele ya dirisha la ofisi yoyote, Pemba, Unguja au Bara, uliza kwa adabu: imeandikwa wapi? Utaambiwa kama nilivyoambiwa mimi, unataka kupita au unataka kusoma.

Mwambie vyote viwili.